Tazama Maji Kwanza, Kisha Chagua Pahali

Wageni wapendao ndege wakikujia Mombasa kati ya Septemba na Novemba, wakati ndege wanaokimbia baridi ya Ulaya na Asia wanaposhuka pwani yetu, usiwachagulie pahali kabla ya kutazama jedwali la maji kupwa na kujaa. Mimi huwapeleka Mida, hori ya bahari yenye mikoko karibu na Watamu, tukafika maji yakiwa ndiyo kwanza yanaanza kujaa, kwa sababu tope linapofunikwa polepole, sululu, ndege wa pwani wenye midomo mirefu iliyopinda, na wenzao husogezwa hadi karibu na daraja la mbao lililopita katikati ya mikoko. Hapo hata darubini ndogo hutosha. Maji yakipwa kabisa, ndege huwa vitone tu kwa mbali. Kwa wasiotaka safari ndefu, kuna Haller Park ya Bamburi, ingawa huko ni mabwawa na miti, si tope la pwani.