Kutafuta kitendanishi kikomo na kukokotoa kiasi cha zao

Tuseme gereji moja ya Tabata imepokea bodi 8 za bajaji pamoja na magurudumu 20, na mwenye gereji anataka kujua atapata bajaji ngapi zilizokamilika. Magurudumu ndiyo mengi, lakini kila bajaji inataka matatu, hivyo yaliyopo yanatosha bajaji 6 tu. Bodi 2 na magurudumu 2 yatabaki yakisubiri mzigo mwingine. Kilichokwisha kwanza ni kile kilichoonekana kingi. Mwanafunzi wa kidato cha tatu akielezwa habari hii hukubali mara moja, ila akipewa gramu za kemikali mbili kwenye karatasi ya mtihani huchagua ile yenye gramu chache na kuiita kikomo, bila hata kuutazama mlinganyo.

Vitendanishi ni vitu vinavyoingia kwenye mmenyuko wa kemikali, na zao ni kile kinachotoka. Kitendanishi kikomo ni kile kinachokwisha kwanza na kuusimamisha mmenyuko, hata kama mwenzake bado amebaki tele ndani ya bikari, kile chombo cha maabara. Kwa sababu hiyo kiasi cha zao hukokotolewa kutoka kwake peke yake. Ili kumpata, kwanza sawazisha mlinganyo, yaani atomi za kila aina zilingane pande zote mbili, kisha geuza kiasi cha kila kitendanishi kuwa moli, kipimo cha kuhesabia chembe za kemikali: ikiwa ni kitu kikavu, gawanya gramu zake kwa uzito wa moli moja, ikiwa ni kitu kilichoyeyushwa kwenye maji, zidisha molariti, yaani moli zilizomo katika kila lita, kwa ujazo wa myeyusho huo kwa lita. Halafu gawanya kila moli ulizopata kwa namba iliyo mbele ya fomula husika katika mlinganyo. Jibu lililo dogo ndilo linalokuonyesha kikomo. Katika madarasa ya jioni ninayofundisha, hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayorukwa kuliko zote, pengine kwa kuwa namba 1 haiandikwi na mtu huzoea kudhani kwamba namba zote za mbele ni 1.

Chukua mfano wa jiwe la chokaa, lile linalochimbwa Wazo Hill kwa ajili ya saruji, ambalo sehemu yake kubwa ni kalsiamu kabonati. Swali linasema gramu 10.0 za kalsiamu kabonati safi zimewekwa kwenye mililita 100 za asidi ya haidrokloriki yenye molariti 1.0, na unatakiwa kutafuta uzito wa kabonidayoksaidi itakayotoka. Mlinganyo uliosawazishwa ni huu:

CaCO₃ + 2HCl → CaCl₂ + H₂O + CO₂

Moli moja ya kalsiamu kabonati ina gramu 100, kwa hiyo gramu 10.0 ni moli 0.10. Asidi nayo ni lita 0.100 zidisha kwa 1.0, yaani moli 0.10 vilevile. Hapa ndipo mtego ulipo, kwa maana moli zimelingana na wengi huandika kwamba hakuna kikomo, vyote vitakwisha pamoja. Sasa gawanya kwa namba za mbele: kabonati inabaki 0.10, lakini asidi inakuwa 0.10 ÷ 2 = 0.05. Asidi ndiyo kikomo. Kwa kila moli 2 za asidi hutoka moli 1 ya kabonidayoksaidi, kwa hiyo moli 0.10 za asidi zitatoa moli 0.05 za gesi hiyo, na moli 0.05 zidisha kwa 44 ni gramu 2.2. Jiwe lililotumika ni moli 0.05 pia, yaani gramu 5.0, na gramu 5.0 nyingine zitabaki chini ya bikari zikiwa zimetulia, bila kutoa povu.

Ninapenda kumalizia swali la namna hii kwa kuhakiki uzito, ingawa mtihani hauombi. Vilivyotumika ni gramu 5.0 za kabonati na gramu 3.65 za asidi, jumla 8.65. Vilivyopatikana ni gramu 5.55 za kalsiamu kloridi, 0.90 za maji na 2.2 za kabonidayoksaidi, jumla 8.65. Namba hizo zikipishana, kuna mahali kikokotoo chako kimeshikwa vibaya.

Jiwe lenyewe la kuchimbwa, bila shaka, si safi. Ikiwa katika gramu 10.0 ni gramu 9.0 tu zilizo kalsiamu kabonati, mwanafunzi mwangalifu huanza kuwa na wasiwasi na kutaka kupunguza jibu. Hana haja: moli 0.09 za kabonati bado ni zaidi ya 0.05 zinazohitajiwa, kikomo ni asidi ileile, na gesi ni gramu 2.2 zilezile. Uchafu wa kitendanishi cha ziada haupunguzi zao mpaka uwe mwingi kiasi cha kukifanya chenyewe kiwe kikomo.

Mfano wa pili una mtego mwingine, na huu nimeuona kwenye meza za maabara na si kwenye karatasi tu. Gramu 2.80 za unga wa chuma zinatiwa kwenye maji yaliyoyeyusha gramu 9.98 za mrututu, ile chumvi ya shaba ya rangi ya buluu. Chuma huiondoa shaba kwenye chumvi yake na kuchukua nafasi yake:

Fe + CuSO₄ → FeSO₄ + Cu

Chuma ni 2.80 ÷ 56, yaani moli 0.050. Kwa mrututu, tazama rangi kabla ya kugawanya. Fuwele za buluu zimebeba maji ndani yake, moli 5 kwa kila moli 1 ya chumvi, na uzito wa moli moja ni gramu 249.5. Ukitumia 159.5 ya chumvi kavu, ambayo ni nyeupe, utapata karibu moli 0.063 na kukitangaza chuma kuwa kikomo. Ukigawanya inavyopasa, 9.98 ÷ 249.5 ni moli 0.040. Namba za mbele zote ni 1, kwa hiyo mrututu ndio kikomo, na shaba inayotarajiwa ni 0.040 × 63.5 = gramu 2.54. Chuma cha moli 0.010, sawa na gramu 0.56, kitabaki.

Kiasi hicho cha 2.54 ni cha kwenye karatasi. Kwenye mizani, tuseme umepata gramu 2.16. Asilimia ya zao ni kiasi kilichopatikana gawanya kwa kilichotarajiwa zidisha kwa 100, yaani 2.16 ÷ 2.54 × 100, ambayo ni asilimia 85. Shaba nyingine iling'ang'ania kwenye kuta za bikari na nyingine ilikwenda na maji wakati wa kuchuja. Angalia pia kwamba aliyekosea kikomo angegawanya kwa gramu 3.18 na kujipa asilimia 68, akaulaumu mkono wake kwa kosa la hesabu.

Jibu linalozidi asilimia 100 ndilo linalohitaji maelezo zaidi. Kikundi kimoja cha wanafunzi wangu kiliniletea shaba ya gramu 3.00, asilimia 118, kikiwa na furaha ya kushinda vikundi vingine. Nilipoisogezea sumaku, sehemu ya ule unga ilinyanyuka: chuma cha ziada kilikuwa hakijaondolewa. Dawa yake ni kuitia shaba kwenye asidi ya salfuriki iliyozimuliwa, ambayo huyeyusha chuma na kuiacha shaba, kisha kuiosha kwa maji. Chuma chote kilichobaki, gramu 0.56, kingeifikisha shaba hiyo gramu 3.10 hata ikiwa kavu kabisa. Sumaku ikinyamaza na uzito bado umezidi, shuku maji, maana kwa unyevu wa Dar es Salaam karatasi ya kuchujia iliyoachwa mezani usiku kucha haikauki vizuri. Kaushia kwa joto la wastani tu, kwa kuwa shaba ikipata moto mkali hushika oksijeni ya hewani, ikawa nyeusi na kuongezeka uzito. Ondoa uzito wa karatasi uliopimwa kabla ya kuchuja, pima, irudishe kwenye joto kwa dakika chache, pima tena, na uandike namba hiyo pale vipimo viwili vya kufuatana vinapofanana.