Namna ya Kutengeneza Mvinyo Mwekundu kwa Zabibu Zilizonyaushwa, Kama Zifanyavyo Familia za Valpolicella

Kaskazini mwa mji wa Verona, nchini Italia, yako mabonde yanayoteremka kutoka milima ya Lessini, na eneo hilo huitwa Valpolicella. Humo familia zenye mashamba ya mizabibu hutengeneza Amarone, mvinyo mwekundu mzito usio na utamu, ambao zabibu zake huachwa zinyauke kwa miezi kadhaa kabla ya kupondwa. Neno letu zabibu limetoka katika Kiarabu, ambako humaanisha tunda lililokwisha kukauka, ilhali sisi tunalitumia kwa tunda bichi na kavu pia. Zabibu za Amarone ziko katikati ya hali hizo mbili, na ugumu wote wa kazi uko hapo. Anayetaka kujifunza kazi hii ajue mapema kwamba mvinyo huu hufaulu au huharibika darini, zabibu zinapoanikwa, muda mrefu kabla haujafika kwenye pipa.

Kanuni za eneo hilo zinataka aina ya zabibu iitwayo Corvina iwe kati ya asilimia 45 na 95 ya zabibu zote, ingawa sehemu yake inaweza kuchukuliwa na aina nyingine, Corvinone, na aina ya Rondinella iwe kati ya asilimia 5 na 30. Corvina hupendwa kwa ganda lake nene, nayo Rondinella kwa kuwa haishambuliwi na maradhi kwa urahisi. Uvunaji hufanywa kwa mkono, mwezi wa Septemba hadi mwanzoni mwa Oktoba. Kata vichala ambavyo punje zake zimeachana, yaani kichala ambacho ukikishika kwenye kikonyo na kukiinua utaona mwanga ukipenya kati ya punje moja na nyingine. Kichala kilichosongamana, hata kiwe kizuri namna gani, kiache kwa ajili ya mvinyo wa kawaida, kwa sababu hewa haitaingia katikati yake, na punje moja ikipasuka humo ndani itaoza bila wewe kuiona. Usivune wakati wa mvua wala kabla umande haujakauka, na usisubiri zabibu zipitilize kuiva, kwa kuwa uchachu wake ndio utakaozuia mvinyo usilemewe na ukali wa kilevi.

Zikishavunwa, zabibu hupelekwa kwenye chumba cha kuanikia, ambacho wenyeji hukiita fruttaio na ambacho kwa kawaida huwa ghorofa ya juu yenye madirisha pande zinazokabiliana. Zamani vichala vilitandazwa juu ya vichanja vya matete viitwavyo arele, vilevile vilivyotumika kufugia viwavi wa hariri. Siku hizi familia nyingi hutumia kreti ndogo za mbao au plastiki. Chombo chochote utakachotumia, panga vichala safu moja tu, visilaliane. Jua halihitajiki hapa, maana anayeanika zabibu juani hupata tunda lililopikwa, lenye ladha ya jamu. Kinachohitajika ni hewa baridi, kavu, inayopita bila kukoma. Asubuhi yenye ukungu madirisha hufungwa na feni huwashwa, na upepo mkavu ukivuma hufunguliwa yote. Mkulima wa Dodoma anayetamani kujaribu mbinu hii atambue kwamba atakosa msimu wa baridi unaoifanya kazi hii iende polepole, hivyo atahitaji chumba kilichopozwa, na mvinyo atakaoupata hataruhusiwa kuuita Amarone.

Kwa siku 100 hadi 120 kazi kubwa ni ukaguzi, na hapa ndipo familia inapokuwa na faida kuliko kiwanda, kwa sababu mtu anayelala chini ya dari hilo hupanda kulikagua hata usiku. Pita kila baada ya siku chache. Vuta hewa puani kwanza, kwani harufu ya siki huonekana kabla ya uozo wenyewe. Kisha inua kreti na kuitikisa kidogo: punje zikidondoka ovyo, kuna kasoro. Kikonyo kinapaswa kugeuka rangi ya kahawia na kukauka kama nyasi, nalo ganda lijikunje bila kupasuka. Ukiona ukungu wa kijivu, chukua mkasi mdogo, ondoa punje iliyoshikwa pamoja na jirani zake, kisha futa mkasi kabla ya kugusa kichala kingine. Wapo wanaoacha ukungu kidogo kwa madai kwamba huongeza ulaini wa mvinyo, lakini kwa maoni yangu anayeanza asijaribu, kwa sababu ukungu huo huiharibu pia rangi.

Usikadirie kwa macho. Weka alama kwenye kreti tatu au nne zilizo sehemu tofauti za chumba na uzipime kila juma. Kreti iliyoingia na kilo 6 ikifika karibu kilo 4, zabibu zimepoteza thuluthi ya uzito wao na ziko karibu kuwa tayari. Kwa kawaida kanuni haziruhusu kuzisindika kabla ya Desemba 1, na familia nyingi husubiri hadi Januari. Pima pia sukari ya juisi, ukikumbuka kwamba takriban gramu 17 za sukari katika lita moja hutoa asilimia moja ya kilevi. Juisi yenye gramu 270 itafika karibu asilimia 16, ilhali kiwango cha chini kinachokubaliwa ni asilimia 14. Hesabu ya hasara nayo ni kubwa, kwani kilo 100 za zabibu mbichi hazitoi zaidi ya lita 40 za mvinyo huu.

Baada ya kuponda, uchachukaji huanza taratibu kwa sababu ya baridi na wingi wa sukari, na unaweza kuchukua mwezi mmoja au zaidi. Andaa hamira inayostahimili kilevi na uizoeshe kwanza kwenye juisi kidogo. Sukuma chini maganda yanayoelea juu kila siku, lakini usiinamie pipa wala kuingia kwenye chumba kisichopitisha hewa, kwa kuwa kaboni dayoksaidi hujikusanya chini na inaweza kuua. Hatari ya mvinyo wenyewe huja mwishoni, hamira inapodhoofishwa na kilevi ilichokitengeneza; hapo ongeza joto kidogo, usiruhusu uchachukaji ukome. Ukikoma mapema, utamu hubaki na utakuwa na kitu kilicho karibu na Recioto, mvinyo mtamu wa kale wa mabonde hayo. Inasimuliwa kwamba Amarone ilitokana na pipa la Recioto lililosahauliwa likachachuka hadi sukari ikaisha, na jina lake linatokana na amaro, yaani chungu.

Mvinyo mpya huingizwa katika mapipa ya mwaloni, nao hukaa miaka 2 angalau kabla ya kuuzwa, na miaka 4 ukiitwa Riserva. Jaza mapipa kila yanapopungua ili hewa isipate nafasi. Familia ya Boscaini, ambayo imekuwa ikilima huko tangu 1772, na ile ya Serego Alighieri, wazao wa mshairi Dante, wanajulikana hata kwa uchaguzi wa mbao zao. Hao wa pili hutumia pia mapipa ya mti wa mcheri.

Machicha yanayobaki usiyatupe. Yamwagie mvinyo wa kawaida wa Valpolicella uliotengenezwa wakati wa mavuno, uyaache pamoja kwa juma moja au mawili, na sukari pamoja na hamira iliyobaki kwenye maganda itauchachusha upya na kuupa uzito. Mvinyo huo huitwa Ripasso. Yakishakamuliwa mara hii ya pili, hupelekwa kwa wanaotonesha pombe kali iitwayo grappa.