Mnyama katokea mbele: jinsi ya kuendesha piki usiku nje ya Mombasa

Vijana wengi wa steji wakisikia habari ya piki kugonga mnyama wafikiria ni mambo ya Tsavo, ya ndovu na simba, kumbe mnyama anayewaangusha watu wengi huku kwetu ni mbuzi wa mtu, punda aliyeachiliwa, au mbwa. Huko Marekani wanaogopa kulungu, na msimu wao mbaya ni Oktoba mpaka Desemba, Novemba ndiyo kilele, manake wakati huo madume yanafukuza majike na hayaangalii kushoto wala kulia. Sisi hatuna msimu mmoja wa kusema huu ukipita twalala, sisi ni mwaka mzima. Lakini piki ni piki, magurudumu ni mawili, na dereva wa gari akigonga ng'ombe ana bati mbele yake na mkanda, wewe una kifua chako tu.

Naandika kwa wale wa boda na wa kupeleka mizigo wanaotoka kisiwani kwenda Mariakani, Voi, Kwale au Kilifi na kurudi giza limeshaingia. Fuata hatua hizi, na ile ya tatu usiiruke hata kama waona uko na haraka.

Hatua ya 1: Jua mnyama gani yuko wapi

Barabara ya Nairobi, ukishapita Miritini na Mazeras mpaka Mariakani, hapo ni mbuzi, ng'ombe na punda. Samburu, Taru, Mackinnon Road ongeza mifugo inayoswagwa kwa makundi, na ngamia pia. Ukipita Maungu kuelekea Voi na Manyani, barabara imekatiza nchi ya Tsavo yenyewe, kwa hivyo hapo mtu anaweza kukutana na swala, digidigi, pundamilia, nyati, na ndovu aliyesimama kando kimya kama hayupo. Upande wa kusini, kutoka Kombani kupanda Kwale mpaka Kinango wapita karibu na hifadhi ya Shimba Hills na Mwaluganje, huko ndovu ni jirani wa watu. Diani ni tumbili na mbega, mpaka watu wa Colobus Conservation, shirika la kulinda mbega, wametundika madaraja ya kamba juu ya barabara wapite huko, lakini si wote wanaoyatumia. Kaskazini, baada ya Kilifi kabla hujafika Gede, msitu wa Arabuko Sokoke uko kando yako, nyani hawana adabu pale.

Saa mbaya ni mbili: kuanzia adhana ya alfajiri mpaka jua litoke, na kuanzia magharibi mpaka kama saa mbili usiku. Mwanga wa kutatanisha, wanyama wanatoka kula au wanarudishwa zizini, na wewe ndio wakati una abiria wengi. Pia mvua ikianza, nyasi za kando ya lami ndizo zinaota mapema manake maji yote ya barabara yanamwagikia huko, basi mifugo yaja kula pale pale. Na usiku wa baridi punda na ng'ombe wanapenda kulala juu ya lami kwa sababu imeshika joto la mchana. Mnyama amelala katikati ya barabara, rangi ya kijivu, hana mpango wa kuamka.

Hatua ya 2: Tengeneza taa na breki kabla hujatoka

Taa nyingi za piki zetu zimeelekezwa vibaya na mwenyewe hajui. Simamisha piki mbele ya ukuta usiku, hatua kumi hivi, halafu mwambie mtu apande nyuma, manake ukibeba abiria nyuma inashuka na taa inapanda, unamulika minazi na kumchoma macho anayekuja. Na yule abiria amekaa, weka dimu (taa ya chini), ule mwanga ukutani uwe chini kidogo ya kimo cha taa yenyewe. Kama mara nyingi wabeba watu, iache hivyo. Futa kioo cha taa, chumvi ya bahari na vumbi la Taru vinapunguza mwanga kuliko unavyodhani. Piki ndogo nyingine taa inategemea injini, ukiachilia mafuta inafifia, kwa hivyo ukipunguza spidi shuka gia ili injini iendelee kunguruma, usiteleze tu na gia ya juu ukabaki gizani.

Breki: vuta hendo ya mbele, kama inakuja mpaka karibu iguse mpira wa mkono basi kebo imelegea au shuu za breki zimeisha, kaza au badilisha. Tairi ya kipara usitoke nayo usiku, sitaki kubishana juu ya hilo. Helmeti iwe imefungwa chini ya kidevu, si kuning'inizwa kwenye kiwiko, na abiria naye apewe. Kuna wanaouza mtandaoni vifilimbi vya kubandika mbele ya piki ati vinafukuza wanyama. Huko Marekani vimepimwa kwa kulungu na haikuonekana faida yoyote, pesa hiyo nunua shuu.

Hatua ya 3: Spidi yako isizidi taa yako

Hii ndiyo yenyewe. Taa ya piki ya kawaida ikiwa dimu inakuonyesha vizuri kama mita 30 au 40 hivi. Sasa piga hesabu nami. Ukiwa 80 kwa saa, kila sekunde unakula mita 22. Jicho lione, kichwa kielewe, mkono ushike breki, hiyo ni sekunde moja na nusu ukiwa hujachoka, mita 33 zimekwenda na bado hujaanza kusimama. Halafu breki nzuri kwenye lami kavu itataka mita kama 35 zaidi. Jumla karibu 70. Yaani ule ng'ombe unapomuona wazi, ushamgonga, ni vile tu habari haijakufikia. Ukiwa 50, jumla inakuja kama mita 35, hapo una nafasi. Kwa hivyo usiku, dimu, mahali penye wanyama, ni 50, na kama mvua inanyesha au umebeba mtu shuka zaidi. Fulu (taa ya mbali) iwashe kila ukipata nafasi, izime trela likija, na likikupita yale macho yako yanabaki hayaoni kwa muda kidogo, sasa hapo ndipo watu wanaongeza mafuta eti barabara imefunguka. Fanya kinyume, achia mafuta mpaka macho yarudi.

Najua utaniambia mteja ana haraka na trela la nyuma linakupigia honi. Lipishe, washa indiketa, sogea kushoto, lipite. Na likishapita lifuate kwa mbali, taa zake zinakuangazia barabara bure, ila usimganda nyuma, manake yeye akikwepa mnyama wewe utamuona mnyama huyo akiwa chini ya taa yako tayari.

Macho usiyaweke katikati ya lami tu. Angalia kando, kwenye majani. Nukta mbili za kijani au njano zinazong'aa ni macho, na ukiona jozi moja hesabu kuna nyingine. Digidigi mathalan wanaishi dume na jike, mmoja akikatiza mwenzake yuaja nyuma. Ngamia ni mtihani mwingine, macho yake yako juu sana na miguu ni myembamba, taa yako inapita katikati ya miguu unaona kama barabara iko wazi, ukimgonga mguu mwili wote unakuja juu yako. Na ndovu usitegemee macho kabisa, tafuta kipande cha giza kilicho kizito kuliko giza lingine.

Hatua ya 4: Jifunze breki ya mbele mchana

Kuna uongo umekaa kwenye steji zetu kwamba breki ya mbele inapindua piki. Inayopindua ni kuinyakua. Ukifunga breki uzito mwingi unakimbilia tairi la mbele, hapo ndipo kuna nguvu ya kusimamisha, breki ya mguu, ile ya nyuma, peke yake itaburuta tu ikichora lami. Tafuta lami tulivu Jumapili asubuhi, enda 30, kaa wima, bana ya mbele pole pole lakini kwa kuongeza, ya nyuma pamoja nayo, mpaka usimame. Rudia mpaka mkono ufanye wenyewe. Kisha 50. Kisha na rafiki amekaa nyuma, utashangaa. Kwenye mchanga au changarawe kamua mbele kidogo tu.

Hatua ya 5: Mnyama keshatokea

Breki, piki wima, mbele moja kwa moja. Usikwepe kwa kulaza piki, kuna wanaokufa kwa kukwepa mbuzi wakaingia chini ya lori linalokuja. Ukishapunguza na ukaona una nafasi, pita nyuma yake, upande wa mkia, manake ng'ombe akishaanza kwenda huenda mbele. Mbuzi ni mwengine, mwana akibaki ng'ambo atarudi kwa mamake bila kukuuliza, kwa hivyo kwa mbuzi simama kabisa. Punda anaganda. Mbwa anayekukimbilia anapigia hesabu spidi uliyo nayo, punguza akiwa mbali, akikaribia ongeza mafuta, hesabu yake inaharibika, na usirushe mguu.

Honi piga mapema, si ukishafika. Mnyama mdogo kama kuku au paka na huna nafasi, shika hendo imara, achia breki ya mbele ukiwa unamfikia, pita juu umenyooka. Roho itauma lakini una mke na watoto. Ndovu akiwa barabarani simama mbali sana, usimpigie honi wala kumchezea taa, geuza piki iangalie ulikotoka na usizime injini.

Hatua ya 6: Umeshagonga

Toka barabarani kwanza. Mtu akiwa mzima anaanza kuokota simu na viatu katikati ya lami, na trela la pili halijui kuna nini. Mtu mmoja aende nyuma na reflekta na tochi kuonya magari. Aliyeumia shingo au hajielewi usimvue helmeti kama anapumua vizuri, subirini gari la hospitali. Mnyama aliyejeruhiwa usimkaribie, ng'ombe na pundamilia wote wanapiga teke hata wakiwa chini.

Kama ni mfugo wa mtu, wanakijiji watakuja na mbuzi wa kawaida atapandishwa bei ya mbuzi wa Idd. Usibishane pale gizani na umezungukwa, wala usikimbie. Sema twendeni kwa chifu au polisi, andikisha upate namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), utaihitaji kwa bima. Kama ni mnyama wa porini ripoti polisi na KWS (shirika la serikali la wanyamapori), na tafadhali usibebe ile nyama, hata kipaja, sheria ya wanyamapori ya 2013 haiangalii kwamba ulimgonga kwa bahati mbaya, ukikamatwa na nyama ya swala kwenye boksi wewe ni mtu wa nyama ya pori tu.

Piki nayo usiipande kurudi nyumbani kwa sababu imewaka. Angalia shokapu za mbele kama zimepinda au zinavuja oili, zungusha tairi uone rimu kama inacheza, bana breki. Ukisukuma na hendo inavuta upande mmoja, tafuta pikapu iipeleke kwa fundi.