Saiti mbili, kikosi kimoja: jinsi ninavyoendesha kazi ya nyumba Jinja, Uganda

Wakandarasi wenzangu wadogo hulalamikia sana wizi wa saruji. Wizi upo, wala siutetei. Lakini nikikaa na daftari mwisho wa mwezi, naona pesa nyingi zimeliwa na kusubiri: mafundi wanne na mapota (vibarua wasaidizi) sita wamekaa juu ya rundo la matofali tangu saa mbili asubuhi, lori la mchanga halijafika, na jioni wote wanadai posho yao. Wana haki. Kwa hiyo ninayoyaandika hapa karibu yote ni mbinu za kupunguza kusubiri.

Anza na Alhamisi. Siku hiyo foromani wangu ananiletea orodha ya vitu vyote vitakavyotumika wiki ijayo, akiwa amevihesabu mwenyewe stoo. Ijumaa mchana nipo msikitini, siwezi kukimbizana na maduka. Jumamosi vifaa vinashushwa, Jumatatu kazi inaanza bila mtu kunipigia simu.

Orodha hiyo iwe ya hesabu, siyo ya kukadiria kwa macho. Zege la moja kwa mbili kwa nne (saruji, mchanga, kokoto) hula takriban mifuko sita na kidogo ya saruji ya kilo 50 kwa kila mita moja ya ujazo. Sakafu ya chumba cha mita 4 kwa 4, unene sentimita 10, ni mita 1.6 za ujazo, basi andaa mifuko kumi, ongeza mmoja wa akiba. Na ili saitini wachanganye kama ulivyopiga hesabu, tengeneza kasha la mbao lenye sentimita 33 kwa 33 na kimo cha 32. Hilo linachukua sawa na mfuko mmoja wa saruji. Mfuko mmoja, makasha mawili ya mchanga, manne ya kokoto. Ukiwaachia beleshi, kila pota ana beleshi lake na kila beleshi lina tabia yake.

Mchanga unataka macho zaidi. Dereva atakwambia lori limejaa, nawe ukitazama kutoka nyuma utaona kweli limejaa, maana umelundikwa mlangoni. Panda juu. Mara nyingi huko mbele, karibu na kichwa cha gari, kuna bonde. Mimi nina kipande cha nondo nilichokitia alama za rangi kila sentimita 10. Nakichomeka sehemu tatu, mbele, katikati na nyuma, natafuta wastani, kisha nazidisha na urefu na upana wa bodi. Nalipa kwa mita za ujazo tulizopima, siyo kwa "tripu". Madereva walinuna mwanzoni. Sasa wanaonijua wanasawazisha mchanga kabla ya kuja.

Tuje kwa mteja. Huku wengi hujenga kidogo kidogo, wengine wako Dubai wanatuma pesa kila wanapopata. Usipigane na hilo, lipange. Mimi naigawa nyumba kwa hatua, na kila hatua inaishia mahali ambapo jengo linaweza kusimama miezi bila kuharibika. Msingi uishie kwenye slabu ya chini, udongo ukiwa umeshajazwa na kushindiliwa. Ukuta uishie juu ya ringi bimu, yaani mkanda wa zege unaozunguka juu ya kuta, usiachwe nusu matofali yakinyeshewa. Paa ni hatua moja isiyokatwa: kama pesa ya mabati haipo, mbao zisipande, kwa sababu zikipigwa na mvua na jua zinapinda na mteja atakulaumu wewe. Pesa ya vifaa vya hatua nzima iwe mkononi kabla ya siku ya kwanza. Ya ufundi, nusu mwanzo, nusu mteja au mtu wake akishakagua.

Ndiyo maana nashika saiti mbili, mara nyingi Bugembe na Mafubira, mitaa ya hapa Jinja, umbali wa bodaboda moja. Mteja mmoja akikwama, kikosi kinahamia kwa mwingine siku hiyo hiyo. Hata zege lenyewe linanisaidia: slabu ikimwagwa inataka kumwagiliwa maji siku saba angalau. Anabaki pota mmoja wa kumwagilia, wengine wanahama. Ila usimwage zege Jumamosi mchana Arsenal ikicheza. Nasema kwa heshima zote, watu watakuwa saitini kwa miili tu.

Mvua nayo ina ratiba yake, japo hapa karibu na ziwa haiifuati sana. Machi hadi Mei, na tena Septemba hadi Novemba, jitahidi uwe ndani unapiga lipu. Kuchimba msingi na kupaua kupangiwe miezi mikavu.

Malipo ya mafundi: kujenga ukuta na kupiga lipu nalipa kwa mita ya mraba, wanakwenda mbio na mimi nakagua kwa pima maji. Kufunga nondo na kumwaga zege nalipa kwa siku. Ukimlipa fundi wa nondo kwa kipande, ataachanisha mno ringi, zile pete za chuma zinazofunga nondo pamoja, na zege likishafunika huoni kitu. Ninatuma kwa simu kila Jumamosi, na naongeza ada ya kutolea, pamoja na ile kodi ya serikali ya nusu asilimia kwa pesa inayotolewa kwenye simu.

Makaratasi sitayarefusha. Usianze bila kibali cha ujenzi kutoka kwa kamati ya majengo ya jiji au wilaya, kwani kazi ikisimamishwa katikati hiyo ndiyo mama wa kusubiri kote. Na tangu sheria ya 2022, kila mwajiri anapaswa kuchangia NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni ya wafanyakazi, hata akiwa na mfanyakazi mmoja: asilimia 10 yako, 5 inakatwa kwa mfanyakazi. Iingize kwenye makisio mapema, maana mteja hakubali kuiongeza ukuta ukishafika linta.