Jinsi ya Kutafuta Damu Tumboni mwa Majeruhi kwa Ultrasaundi

Majeruhi aliyeumia tumbo anapofikishwa chumba cha dharura, ultrasaundi ya haraka hufanywa ili kujibu swali moja tu: je, kuna majimaji yaliyovujia ndani, ambayo kwa mtu aliyeumia huchukuliwa kuwa damu mpaka ithibitike vinginevyo? Kipimo hiki hakitafuti jeraha lenyewe, na hakipaswi kuchelewesha huduma ya njia ya hewa, upumuaji na mzunguko wa damu.

Mlaze chali, upake jeli, na utumie probu (kifaa cha mkononi kinachotuma na kupokea mawimbi ya sauti) yenye uso wa mviringo ya megahezi 2 hadi 5, alama iliyo ubavuni mwake ikielekea kichwani. Anzia ubavu wa kulia, kwenye mstari unaoshuka kutoka katikati ya kwapa, ukitazama mpaka uliopo kati ya ini na figo. Damu ambayo haijaganda huonekana kama ukanda mweusi. Usiondoke hapo kabla ya kuiona ncha ya chini ya ini, kwa sababu majimaji machache mara nyingi hujitokeza hapo kwanza.

Upande wa kushoto ndio unaowasumbua wengi. Bandama iko juu zaidi na nyuma zaidi kuliko wanavyodhani, hivyo sogeza mkono mpaka vifundo vya vidole viguse kitanda, kisha uchunguze kwa makini nafasi iliyo kati ya bandama na kiwambo (msuli unaotenganisha kifua na tumbo), ambako damu huelekea kukusanyika kabla ya kufika kwenye figo.

Nyonga itazamwe kwa wima na kwa mlalo, ikiwezekana kabla ya kuweka mpira wa mkojo, maana kibofu kilichojaa hurahisisha kuona kilicho nyuma yake. Malizia kwenye chembe cha moyo, ukiilaza probu na kuielekeza kifuani, ili uone kama damu imeuzunguka moyo. Kwa jeraha la kuchomwa kifuani, ningeanzia hapo.

Majimaji yakionekana na shinikizo la damu likiwa chini na halipandi, mwite daktari wa upasuaji mara moja. Majeruhi aliye imara afanyiwe siti skani. Usipoona kitu, usimruhusu kuondoka kwa sababu hiyo pekee. Majimaji yasiyofikia mililita 200 huweza kukupita, utumbo uliotoboka hauonekani kwa urahisi, na damu iliyoganda hugeuka kijivu ikafanana na nyama ya ini au bandama. Rudia kipimo maumivu yakizidi, mapigo ya moyo yakienda kasi au shinikizo likishuka.