Kumfuatilia Kulungu Baada ya Risasi
Katika misitu ya kaskazini mwa majimbo ya Minnesota na Wisconsin, Marekani, kulungu mkia-mweupe aliyepigwa risasi kifuani huweza kukimbia mita 100 au zaidi kabla ya kuanguka, na kosa linalowapotezea wawindaji wengi mnyama ni kumkimbilia papo hapo. Kariri mti au jiwe lililokuwa karibu naye alipopigwa, funga kizuizi cha usalama cha bunduki, kisha nenda ukainame pale ukague damu na nywele. Damu ya waridi yenye povu hutoka mapafuni. Subiri nusu saa. Damu nyekundu iliyokoza huashiria ini, nayo yahitaji saa 3 au 4. Ukiona majimaji ya kijani yenye chembe za majani na harufu kali, risasi imepita tumboni, basi ondoka kimya na usirudi kabla ya kupita muda wa saa 8, hata kama moyo unakuvuta, kwa maana mnyama huyo akisumbuliwa atainuka tena na kuteseka bure.

Unapofuata, tembea kando ya matone, usiyakanyage, na ufunge utepe wa rangi ya chungwa kila unapoona damu. Ukimkuta amelala, mkaribie kwa nyuma na uguse jicho lake kwa fimbo ndefu. Lisipopepesa, amekwisha kufa.