Ada: pakeji ikinenepa, ipasue

Kama unaandika programu kwa lugha ya Ada na una pakeji (fungu la msimbo) inayoitwa Vifaa au Mengineyo, ifungue uone: tarehe, hesabu za kodi, kusoma faili, vyote vimerundikwa humo. Ubaya wake si sura tu. Ukibadilisha tamko moja kwenye faili la .ads (lenye matamko ya pakeji), kila pakeji iliyoandika "with Vifaa", yaani inayoitumia, inakompailiwa upya, hata ile iliyotaka tarehe peke yake.

Mimi huanza kupasua kwa pakeji watoto (pakeji zilizo chini ya pakeji mzazi), zilizokuja na Ada 95. Mfano, pakeji mzazi Akaunti inabaki na aina yake ya data, ikiwa "private" (undani wake umefichwa). Hesabu za riba zinahamia kwa mtoto, Akaunti.Riba. Kwa GNAT, kompaila ya Ada, faili huitwa akaunti-riba.ads, kistari mahali pa nukta, na ni herufi ndogo tupu (hapo ndipo nilipopoteza jioni nzima). Mwili wa mtoto (faili la .adb, lenye utekelezaji) unaona sehemu ya "private" ya mzazi, hivyo huna haja ya kuanika chochote hadharani.

Halafu kagua "with" zako. Inayotumika mwilini tu, ihamishie .adb. Ukikompaili kwa swichi ya -gnatwu, GNAT yenyewe itakuonyesha zipi.